Mbuna wa Ziwa Nyasa katika baridi ya Mbeya

Mabibi na mabwana, habari za mchana. Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, viti vya mbele bado vipo.

Tunazungumzia kufuga mbuna nyumbani, kwenye tangi la kioo; wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa: wa njano, wa bluu, wa machungwa, wenye milia. Ni wa ukoo mmoja na perege, ukoo ambao wataalamu huuita siklidi. Huku kwetu mtu husema, "Ziwa lenyewe liko hapo Kyela, hawa samaki wa nyumbani watanishinda nini?" Basi anawaua kwa imani hiyo. Matema, ufukweni mwa ziwa, iko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama mita 1,700. Ukipanda kilima hicho unabadilisha joto, hewa na maji, vyote kwa mpigo.

Tuanze na joto. Maji ya juu ya ziwa huwa kati ya nyuzi 23 na 28. Chumba cha Mbeya usiku wa Julai mnakijua. Hita si anasa hapa. Chukueni tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, ambalo ni lita 240 na ushei: wekeni hita mbili za wati 150 kila moja, na kwa wa Njombe au Makete, 200 kila moja. Kwa nini mbili? Hita huharibika kwa namna mbili, ama inakufa, ama inagoma kuzima. Moja kubwa ikigoma kuzima, asubuhi mnakuta samaki wameiva. Ndogo peke yake haina nguvu hiyo, na moja ikifa nyingine inasogeza usiku. Itegeni kwenye nyuzi 25, na kipimajoto kikae upande wa pili wa tangi, mbali na hita. Kabla ya kupunguza maji, chomoeni hita kwenye umeme kwanza. Ikibaki nje ya maji ikiwa ya moto, kioo chake hupasuka.

Msipandishe joto kupita kiasi mkidhani mnawapendeza. Hewa ya huku ni nyepesi. Maji ya nyuzi 26 kwenye usawa wa bahari hushika takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Mbeya ni kama 6.6, na kila yanavyozidi joto ndivyo oksijeni inavyopungua. Kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi saa zote, na uso wa maji utikisike. Mkiona samaki wote wako juu wanahema midomo wazi, msikimbilie dawa. Angalieni pampu.

Sasa maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Maji ya Nyasa yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 7.7 hadi 8.6. Maji mengi ya vijito vya milimani kwetu ni laini, hayana chokaa ya kutosha kuishikilia pH, nayo huteremka wiki hadi wiki bila mtu kuona. Pimeni kwa vichupa vya kupimia. Yakiwa laini, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, kama gramu 5, katika lita 50, huongeza ugumu wa kaboneti, yaani nguvu ya maji kuishikilia pH, kwa digrii 3 hivi. Yeyusheni kwenye ndoo kwanza, mwage polepole. Tafadhali, magadi ya kupikia maharage si mbadala: yana kaboneti kali inayorusha pH juu ghafla, na samaki hawamalizi siku.

Njia tulivu zaidi ni mawe. Jiwe likidondoshewa siki likatoa mapovu, lina chokaa, nalo litaipandisha pH taratibu. Mawe meusi ya volkano ya upande wa Rungwe hayabadilishi maji, ni mazuri kwa kujenga mapango. Yale mepesi yenye matundu yataelea, mtajisumbua bure. Mawe makubwa yakae chini kabisa, juu ya shiti la povu gumu (foam), ndipo mchanga umwagwe. Mkitanguliza mchanga, mbuna huchimba, rundo linaporomoka na kupasua kioo.

Tangi fundi vioo atalitengeneza: kioo cha milimita 10, silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ni sumu kwa samaki. Likijaa maji na mawe linakaribia kilo 350, kwa hiyo si la kuweka juu ya kabati la televisheni.

Msinunue samaki siku hiyo hiyo. Bakteria wa kwenye sponji la chujio wanahitaji wiki 4 hadi 6 ili wageuze amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti, na kwenye maji baridi huchelewa zaidi. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika hali ya sumu. Kwenye pH 8.5 ni kama asilimia 15. Maji haya tuliyoyatengeneza kwa ajili ya mbuna ndiyo hayo yanayofanya uchafu uue upesi. Badilisheni theluthi moja kila wiki, kwa maji yaliyotulia siku nzima na kutiwa joto.

Chakula: mbuna hukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu. Mchicha uliochovywa maji ya moto na chakula cha spirulina, aina ya mwani, vinawafaa. Nyama ya ng'ombe huwaletea tumbo kuvimba na kinyesi cheupe kama uzi. Akifika hapo, kupona ni nadra.

Mama pale nyuma anauliza umeme ukikatika. Kwanza oksijeni, joto baadaye. Pampu ya betri iwashwe mara moja. Funikeni pande za tangi kwa blanketi, juu acheni nafasi, na msilishe. Nyuzi 20 kwa usiku mmoja wanavumilia. Chujio la nje likilala saa nyingi, lifungueni na kulisuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, maana yaliyomo yameshaoza.

Na huyu kijana anauliza idadi. Wadogo 20 wa aina 3, kila dume na majike 3 au zaidi. Wachache mno, mbabe humwandama mmoja hadi afe. Melanochromis auratus, mbuna mkali kupita kiasi, mwacheni dukani.

Jike akivimba kidevu na kukataa kula, ana mayai mdomoni. Huyabeba kama siku 21. Vifaranga wakizidi, msiwapeleke Matema kuwamwaga. Maylandia lombardoi, aina mojawapo ya mbuna, kwa mfano, asili yake ni kisiwa cha Mbenji upande wa Malawi, na aina tofauti za mbuna huzaliana zikachanganyika. Kama hamna wa kumgawia, msimhamishe jike. Atawatema humo humo, wengi wataliwa, na tangi litabaki na wale linaloweza kuwabeba.