Orodha ya michango ishikwe na mtu mmoja
(Mhadhara kwa makatibu na wahazini wa vikundi, Moshi)

Ndugu makatibu, ndugu wahazini, utangulizi nauruka. Kila aliyeketi humu yumo kwenye kundi la WhatsApp la msiba, la harusi na la kikoba kwa wakati mmoja, na kila kundi lina mtu aliyejitoa kwa hasira. Tunapenda kusema matusi ndiyo yaliyomtoa. Chunguzeni vizuri: mara nyingi ni orodha ya michango.

Tazameni inavyovurugika. Orodha ina watu 14, jumla 640,000. Mama Neema anaikopi, anaongeza "15. Mama Neema 50,000", jumla anaandika 690,000. Dakika hiyo hiyo Baba Upendo, ambaye naye ameshakopi ile ya watu 14, anaongeza "15. Baba Upendo 100,000", jumla 740,000. Yake ndiyo inayotua ya mwisho. Wa 16 anakopi iliyo chini kabisa, kama tunavyofanya sote. Mama Neema ametoweka na hakuna aliyemfuta! Asubuhi anafungua simu, jina halipo. Pesa yake iko salama kwa mhazini, lakini moyoni anajua ameliwa.

Dawa yake ni hii. Mtu mmoja tu aandike, mhazini au msaidizi wake. Anayechanga atume pesa, kisha amwandikie mhazini pembeni: jina la kuandikwa, kiasi, na namba ya kumbukumbu ya muamala. Mhazini atoe orodha saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, juu yake aweke tarehe na saa, na aibandike juu ya kundi kwa siku 7. Ya zamani aifute. Asitegemee kuihariri, kwa sababu ujumbe unaharirika ndani ya dakika 15 tu. Na ahadi zikae safu yake, taslimu safu yake. Ukizijumlisha pamoja, siku ya kulipia jeneza utatafuta pesa ambayo haijawahi kuingia.

Najua mtaniambia mtu akijiandika mwenyewe wengine wanahamasika. Sawa, orodha ibaki wazi, kila mtu aione. Ninachokataa ni kalamu 60 kwenye daftari moja. Kwenye kikao cha kikoba, mnapitisha daftari kila mtu ajiandikie hisa zake? Hamfanyi hivyo. Mbona kwenye simu mnakubali?

Jambo la pili, picha za miamala. Ule ujumbe wa kutuma pesa una salio lako chini. Ukiupiga picha na kuutupa kundini, watu wote wamejua umebakiwa na ngapi, na aliyechanga 10,000 akiwa na laki nane ataitwa bahili hadi Krismasi. Namba ya kumbukumbu inatosha. Admini akiona picha ya namna hiyo aifute mara moja. Tangu 2022 ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote.

La tatu, tangazo la msiba. Asitangaze mtu kabla familia haijatangaza. Kuna mtoto wa marehemu yuko njiani anatoka Dar, anapandisha Same, hajaambiwa, halafu anasoma "R.I.P." kwenye simu. Hakuna kanuni nyepesi kuliko hii, na ndiyo inayovunjwa kila wiki. Mpeni mtu mmoja wa familia kazi hiyo, na jina lake liwe kwenye kanuni za kundi.

Kisha tengeni makundi mawili: la taarifa, ambalo maadmini pekee wanaandika, na la pole. Pole 200 zikimiminika, namba ya mhazini na saa ya ibada zinazama. Na saa iandikwe kamili, "saa 4 asubuhi"; ndugu walioko nje ya nchi wakisoma "saa 4" wanaelewa alfajiri.

Naambiwa muda umekwisha. Ya kufowadi na ya siasa tutayasema siku nyingine. Mhazini mwenye orodha iliyovurugika sasa hivi abaki, aje na simu yake na daftari, tuanze na jina la kwanza.