Daktari Aliyenirudisha Kwenye Rolex

Assalamu alaikum, hamjambo watu wa Tanga na wengine wote mlioko nyumbani! Niko barazani kwangu hapa Ntinda, Kampala. Mkisikia boda boda na jogoo wa jirani, nivumilieni, sina uwezo wa kuwanyamazisha.

Wengi mnauliza mbona nimekonda. Sijaachwa. Ni tumbo. Karibu mwaka sasa naharisha, tumbo linajaa gesi kama ngoma, na damu iko chini hata nikimeza vidonge vya madini ya chuma. Zahanati ya kwanza ikasema amiba. Ya pili taifodi, nikachomwa sindano siku tano. Ya tatu vidonda vya tumbo. Dozi inaisha, tumbo liko palepale.

Nikaanza kujichunguza mwenyewe. Nikila matoke, posho (ugali wa mahindi) au kalo (ugali wa ulezi), nalala vizuri. Nikila rolex (si saa jamani, ni chapati iliyoviringishiwa mayai, Kampala nzima inaila) silali. Nikakumbuka hata huko nyumbani vitumbua havikunisumbua, maandazi ndiyo. Vitumbua mchele, maandazi ngano! Nikaacha ngano miezi miwili, nikapata nafuu, kisha nikajilipia kipimo cha damu. Majibu: huna kitu.

Jirani akanipeleka kwa musawo (daktari) wake, bingwa wa magonjwa ya tumbo. Mimi nilishaumwa na nyoka, kwa hiyo kwanza nikahakikisha yumo kwenye rejista ya baraza la madaktari la Uganda. Yumo. Mzee huyo hakushika hata kalamu. Akauliza, "Mwanangu, siku uliyotolewa damu ulikuwa unakula ngano?" Nikajibu kwa maringo, "La, nimeacha miezi miwili." Akacheka mpaka akavua miwani.

Anashuku siliaki. Mwenye ugonjwa huo akila gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinalika, ndiyo maana chuma nameza lakini mwilini hakifiki. Kile kipimo cha damu, kiitwacho tTG-IgA, kinatafuta kingamwili za vita hiyo. Ukiacha ngano vita inapoa, na maabara haioni kitu. Akaandika pia nipimwe jumla ya IgA, yaani aina hiyo ya kingamwili, maana wako watu wanaozaliwa nayo kidogo mno, na kwao kipimo cha kwanza hudanganya. Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Damu ikionyesha dalili, atanipitisha kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba, achukue vinyama vidogo vikatazamwe kwa hadubini.

Lakini nilichompendea ni hiki: alisema, "Huenda si siliaki." Wale watatu wa mwanzo walikuwa na uhakika wote!

Basi nimeamriwa kula ngano kila siku, wiki 6, ndipo nipimwe upya. Leo niko wiki ya 4, na nyie wenye dalili kama zangu msiziache chapati kabla hamjapimwa, mtajipotezea muda kama mimi. Shangazi, mwarobaini wako umefika, ahsante, ila daktari kasema usubiri kabatini.

Haya, kijana wa rolex ananiita pale chini. Mayai mawili, nyanya, kitunguu. Usiku huu mniombee.