Wametumia picha yako bila kukutaja? Fanya hivi kabla ya kuwaza mahakama

Haya jamani, karibuni tena. Leo tunaye kunguru wangu huyu juu ya waya, picha niliyopiga mwenyewe. Ndiyo, kunguru, kila mtu na apendacho. Nilimweka mtandaoni kwa leseni ya Creative Commons BY 4.0, yaani yeyote anaruhusiwa kumtumia mradi anitaje, na kuna tovuti imemtumia bila kunitaja.

Kwanza piga picha ya skrini, anwani na tarehe zionekane. Imetoka.

Sasa tulia. Hakikisha kweli hujatajwa. Shusha ukurasa mpaka chini kabisa. Bonyeza picha yenyewe, fuata viungo vilivyo jirani nayo. Leseni hii inaruhusu jina likae popote panapofaa, hata kwenye ukurasa mwingine uliounganishwa na picha. Mimi niliwahi kumwandikia mwalimu mmoja barua ya moto, kumbe jina langu liko chini pale, safi, na kiungo juu yake. Aibu niliyoipata! Shusha mpaka chini.

Ngoja, kamera imeingia ukungu... haya, imerudi.

Angalia toleo la leseni. Kwa 4.0, la mwaka 2013, aliyekosea akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue kosa, haki zake za kuitumia picha zinarudi zenyewe. Mara nyingi anagundua kwa barua yako, basi andika tarehe uliyotuma. Kwa 3.0 na ya nyuma yake hazirudi zenyewe. Akirekebisha, mwandikie kwamba umemruhusu tena.

Barua iwe fupi. Someni yangu: "Habari. Picha ya kunguru kwenye ukurasa huu ni yangu, nimefurahi mmeipenda. Naomba muweke mstari huu chini yake." Kisha wape mstari uliokamilika wanakili tu: jina la picha, jina lako, kiungo cha picha ya asili, leseni na kiungo chake. Huyu wangu wamemkata mkia, kwa hiyo naongeza "imepunguzwa pembeni". Mabadiliko lazima yatajwe.

Pesa siombi kwenye barua ya kwanza. Creative Commons wenyewe wanasema lengo ni watu wafuate leseni, siyo kugeuza madai kuwa biashara. Wakinyamaza, kumbusha mara moja, halafu peleka taarifa ya hakimiliki, yaani ombi la kuiondoa picha, kwa kampuni inayohifadhi tovuti yao.

Natuma... hapana, subirini. Nishushe tena mpaka chini. Chini kabisa. Hakuna jina. Tuma.