Mshahara Unaopangwa Bungeni: Kisa cha West Virginia

Ndugu walimu, na ninyi wapishi na madereva wa shule mliokaa huko nyuma kana kwamba mada haiwahusu: sogeeni mbele. Leo ninyi ndio wenye kisa.

Sisi mshahara tunausikilizia Mei Mosi. Jua la utosi, tisheti za chama, masikio kwenye spika, tunangoja Rais atamke. Mwalimu wa West Virginia, Marekani, hana Mei Mosi ya namna hiyo. Mshahara wake umeandikwa kwenye sheria ya jimbo, na wenye kuibadilisha ni wabunge wa jimbo wanaokutana Charleston: wawakilishi 100 na maseneta 34. Kikao chao cha kawaida ni siku 60 tu kwa mwaka. Zikipita, subiri mwakani.

Mtaniuliza, kwa nini chama chao cha wafanyakazi hakikai mezani na mwajiri wakasaini mkataba wa hali bora? Sheria ya kazi ya taifa ya mwaka 1935 iliwapa haki ya majadiliano watu wa viwandani na makampuni, ikawaacha nje watumishi wa majimbo. Kila jimbo likajiamulia. Wisconsin ilianza kuitoa haki hiyo mwaka 1959. Mwaka huohuo North Carolina ikatangaza mikataba ya namna hiyo kuwa batili. West Virginia hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kukaa mezani. Kwa hiyo kilichobaki ni kumfuata mbunge.

Februari 2018 serikali ya jimbo ilikuja na nyongeza ya asilimia 2 kwa mwaka wa kwanza, kisha 1 na 1. Huku bima ya afya inapanda. Piga hesabu mwenyewe: unachopewa kwa mkono wa kulia kinaondoka na wa kushoto. Tarehe 22 mgomo ukaanza, katika kaunti zote 55.

Hapa ndipo wapishi na madereva wanapoingia. Jimbo lile ni milima na mabonde. Dereva asipowasha basi, mtoto hafiki, hata kama mwalimu amesimama darasani na chaki mkononi. Na kwa kuwa watoto wengi hutegemea chakula cha shule, kabla ya kugoma watu walifungasha vyakula kwenye mifuko wawapelekee. Mzazi aliyepokea mfuko ule si rahisi kumchochea dhidi ya mwalimu.

Kisha wakajaa kwenye jengo la bunge, lile lenye kuba la dhahabu. Gavana, yaani mkuu wa jimbo, akaahidi asilimia 5, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakasema kazi irudi, wanachama wakakataa: hatutaki ahadi, tunataka sheria. Baraza la wawakilishi likapitisha kwa kura 98 dhidi ya 1. Seneti ikang'ang'ania 4, na katika pilikapilika za Jumamosi moja ikapitisha kwa makosa nakala yenye 5, ikabidi iirudishe mbio. Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu. Machi 6, siku nne kabla kikao kufungwa, sheria ya asilimia 5 kwa watumishi wote wa jimbo ikasainiwa. Siku tisa za masomo zilikuwa zimepotea.

Kuhusu kumshawishi mbunge, mimi nina neno moja. Ukimwambia elimu ni ufunguo wa maisha, atakupigia makofi na kukusindikiza mlangoni. Mwekee mezani karatasi yako ya mshahara, mwonyeshe kwa kidole mstari wa makato ya bima, kisha muulize: kura yako utaipigia upande gani? Unyamaze. Wengi wetu tunaharibu hapo, hatuwezi kunyamaza.

Lakini angalieni walichokosa. Walipata nyongeza, haki ya majadiliano hawakupata. Mwaka 2021 bunge lilelile lilipitisha sheria mbili: moja ikaandika waziwazi kuwa mgomo wa watumishi wa shule ni haramu, nyingine ikazuia ada ya chama kukatwa kwenye mshahara. Na msidhani walio na haki wamelala salama. Wisconsin, waliotangulia kupewa, walinyang'anywa karibu yote mwaka 2011, wakaachiwa kujadili mshahara wa msingi tu, tena nyongeza isizidi mfumuko wa bei, mpaka wananchi wapige kura.

Basi, kabla ya maswali: ni nani hapa, kwa jina, anayemjua katibu wa mbunge wake? Nyoosheni mikono niwahesabu.