Mjusi wa Jangwani Ndani ya Theluji

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mjusi, na naona kina mama kadhaa wameshavuta viti nyuma. Sawa tu. Kwetu mjusi hafugwi, anafukuzwa kwa ufagio. Lakini tuko Minnesota, huku Marekani, mtoto ameshamwona kwa rafiki yake, na kelele hazitaisha mpaka anunuliwe.

Huyu mwenye ndevu za miiba kwao ni nyika kavu za ndani ya Australia. Wataalamu humwita Pogona vitticeps. Ni wa ukoo mmoja na wale wa mawe ya Mwanza, wenye kichwa cha rangi ya waridi, wanaotikisa kichwa kama wazee barazani. Yule wa Mwanza asubuhi hufanya nini? Hupanda jiwe, hujianika mpaka apate moto, ndipo anatafuta riziki. Huyu naye vivyo hivyo. Asipopata joto, hata akishiba, chakula kinamlalia tumboni.

Kwa hiyo tangi la kioo la kumfugia liwe refu. Mkubwa hufika sentimita 50 na mkia wake, basi mpe angalau sentimita 120 kwa 60. Upande mmoja weka taa ya joto juu ya jiwe, uso wa jiwe ufike nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Upande wa pili 25, achague mwenyewe. Ukimwona kaachama mdomo chini ya taa, usishtuke, anapunguza joto. Usiku zima taa zote. Yale mawe ya umeme ya dukani achaneni nayo, yanaunguza tumbo.

Sasa taa ya pili, maana hapa ndipo nilipoteleza. Wangu wa kwanza nilimweka dirishani, nikajiambia jua ni jua. Miezi ikapita, nikamkuta anaburuta tumbo, taya limelegea kama mpira, mkono umepinda. Daktari aliuliza kwanza: anaota jua gani? Kumbe kioo kinapitisha mwanga lakini kinazuia miale ya jua isiyoonekana iitwayo UVB. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3. Bila D3 kalsiamu ya chakula haifyonzwi vizuri, na mwili unaanza kuichota kwenye mifupa. Nunueni tyubu ndefu ya UVB, ifike nusu ya tangi au zaidi, si kile kibalbu kilichosokotwa nilichouziwa mimi kwa maneno matamu. Iwake kwa saa 12 hivi, kusiwe na kioo kati yake na mjusi. Halafu andika tarehe kwenye ncha yake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu UVB hufifia huku taa bado inang'aa. Nyingi hubadilishwa kati ya miezi 6 na 12.

Chakula. Mdogo anataka wadudu kila siku, mkubwa anataka majani zaidi. Nunua nyenje au mende wa kufugwa, si hawa wa jikoni waliopuliziwa dawa, na mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho ya mjusi. Watie kwenye mfuko na unga wa kalsiamu, tikisa, kama unavyopaka samaki unga kabla ya kukaanga. Na majani, mtafurahi: sukuma wiki! Ile ile ya ugali, ila mbichi, bila kitunguu. Mchicha na spinachi usimzoeshe, vina oksaleti inayoikamata kalsiamu. Parachichi marufuku. Vimulimuli vya kiangazi ndiyo kabisa, kimoja tu kinaweza kumuua.

Mkono unaomshika unawe kwa sabuni, kuna salmonela, vijidudu vya kuumiza tumbo. Tangi lisioshewe kwenye sinki la vyombo, na walio chini ya miaka 5 wasimshike.

Mama pale nyuma ameinua mkono. Anauliza anaishi muda gani. Miaka 10, mama, wengine zaidi.

Eti mtoto akienda chuo je?

Ndiyo, mama. Unabaki naye wewe.