Uzito Usubiri: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Chake Chake

Assalamu alaykum, walimu wangu. Nimeombwa nizungumzie ufundi wa kunyanyua vyuma kwa mitindo ya Olimpiki. Wengi mlioko hapa mnafundisha vijana wa skuli, kwa hiyo nitasema na mwalimu, si na bingwa.

Mitindo ni miwili. Katika snachi, chuma hutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Katika klini na jeki, hutua kwanza mabegani, ndipo kikapelekwa juu. Ulikuwapo wa tatu, wa kusukuma kwa mikono, ukaondolewa baada ya Olimpiki ya Munich 1972. Lakini vijana wetu bado wanadhani mchezo huu ni wa mikono. Seoul 1988, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, mtu ambaye kimo chake hakikufika mita 1.5, alinyanyua kilo 190 akiwa katika uzani wa kilo 60. Hakuna mikono ya mtu wa umbo lile itakayovuta mzigo huo. Ni miguu na nyonga.

Basi anayeanza msimpe chuma. Mpeni paipu ya maji ya plastiki. Na msianzie sakafuni, anzieni juu: paipu imegusa nyonga, magoti yamelegea kidogo, mikono imenyooka, ajinyooshe kwa kishindo kisha achuchumae upesi chini yake. Akiweza hapo, aanzie juu kidogo ya magoti. Sakafu iwe mwisho kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu pagumu ni pale chuma kikishapita magoti: magoti yanarudi mbele chini ya chuma, kifua kinainuka, ndipo nyonga zinafyatuka. Yote hayo hupita kufumba na kufumbua, na ukianza kumweleza mtoto kwa maneno utampoteza. Aliyefundishwa kutoka juu mwili wake unapajua tayari pa kufikia. Akikunja viwiko mapema, mrudisheni nyuma hatua moja, hata kama wenzake wanampigia makofi.

Mwalimu asimame ubavuni. Ukiwa mbele unaona uso tu na jitihada. Ubavuni unaona kama chuma kinauacha mwili. Wachukuzi wa bandari ya Mkoani wanalijua hili bila ya kufundishwa: gunia la karafuu likitengana na kifua, kiuno ndicho kinacholipa. Na kila mnyanyuo mtajieni kosa moja. Ukimtajia matano hatarekebisha hata moja.

Sasa vyuma vya makopo ya saruji, yaani vya kujitengenezea, vyenye kopo lililojazwa saruji kila ncha, ambavyo tunavitegemea sana. Chuma cha mashindano ncha zake huzunguka, ili sahani, yaani vile vibao vya duara vya uzito vinavyovishwa nchani, zisimpinde mtu viganja anapogeuza mikono. Kopo la saruji halizunguki. Vitumieni kwa kuchuchumaa na kuvuta, snachi msiifanyie humo. Pia sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma huanzia kama sentimita 22 kutoka chini. Makopo ni madogo, mtoto huinama mno na mgongo ukapinda. Yapandisheni juu ya matofali mpaka chuma kifike katikati ya muundi.

Na wasichana, tafadhali. Wanawake wanashindana Olimpiki tangu Sydney 2000, na chuma chao kitupu, bila ya sahani, ni kilo 15, si 20 kama cha wanaume. Nimesikia wazazi wakiuliza kuhusu sitara, na swali lao ni la haki. Mwaka 2011, baada ya Kulsoom Abdullah wa Marekani kuomba ashindane akiwa amejisitiri, shirikisho la kimataifa liliruhusu vazi la kubana linalofunika mwili mzima. Hoja ilikuwa viwiko: mwamuzi lazima aone vimenyooka. Mwambieni mzazi hivyo hivyo, wazi.

Maswali tutayachukua nje. Kila mmoja achukue paipu, tusimame wawili wawili, mmoja akiwa ubavuni mwa mwenzake.