Deni la Marehemu, Deni la Msomi

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya Laasiri)

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule mlangoni.

Leo nataka kusema juu ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, na haki ya mtu kuelezwa sharti kabla hajalikubali, lakini nitaanzia makaburini. Hapa kwetu haondoki mtu kaburini mpaka jamaa mmoja wa marehemu asimame aseme: "Anayemdai marehemu wetu, atuone sisi." Mnaijua asili yake. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, akawaambia masahaba wamsalie mwenzao, yeye hakusali. Abu Qatada aliposema deni lile ni juu yake, ndipo Mtume akasali. Dinari za mtu mmoja zikawa shughuli ya safu nzima.

Sasa rudini nami Februari 2021. Tarehe 17 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akazikwa Mtambwe. Chama chake kilikuwa kimeshatangaza kwamba ana korona, na takwimu za maradhi yale zilikuwa hazitolewi tangu mwaka uliopita. Siku zile nilikwenda maziko ya jirani yangu nikiwa na barakoa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unatukimbia?"

Swali lile halijanitoka. Kwetu sisi kumsogelea mgonjwa, kumkosha maiti na kuingia kaburini kumpokea ndiyo mapenzi yenyewe, sasa aliyesimama mbali atafahamika vipi? Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha kuhusu tauni: ukiisikia imeingia mji fulani usiende, na ikikukuta ndani usitoke. Yule wa ndani amezuiwa hasa, kwa ajili ya watu asiowajua hata majina. Kwa hiyo mimi sibishi kwamba jamii ina haki ya kumzuia mtu. Ninalolilalamikia ni kuwaachia watu wachague na huku hawaambiwi kinachoua. Yule mzee hakuwa mkaidi. Hakuelezwa.

Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, ikatangazwa kuwa ni hiari, na mimi niliona sawa. Hija ndiyo iliyokuwa na sharti. Mwaka 2020 na 2021 mahujaji wa nje ya Saudi Arabia hawakupokelewa kabisa. 2022 wakapokelewa waliochanjwa na wasiofika miaka 65. Nawajua wazee waliodunduliza kwa karafuu miaka na miaka, umri ukawapita mlangoni. Walilia. Lakini sikumsikia hata mmoja akisema amedhulumiwa, kwa sababu sharti lilisemwa mbele ya watu wote na lilikuwa moja kwa wote.

Sharti la namna hiyo, la wazi na moja kwa wote, ndilo ninalolikosa kwenye mikopo ya wanafunzi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania ilianza kazi 2005, na waliokopa miaka ile ya mwanzo walitia saini makato ya asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, yakawa 15, hata kwa wenye mikataba ya zamani. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Wako vijana walioiona kuwa ni riba, wakaacha kuomba, wakakosa chuo. Mwaka 2021 Rais Samia aliiondoa tozo ile, na namshukuru kwa dhati. Makato ya 15 yalibaki.

Mpwa wangu anasomesha skuli. Aliniambia, "Mjomba, kulipa sikatai. Nakataa kubadilishiwa nililolitia saini." Na mdhamini wake ni mimi. Niliweka jina langu bila ya kusoma, nikaipeleka fomu kwa sheha, naye akagonga muhuri. Nililichukua deni kama Abu Qatada, lakini yeye alijua anachukua dinari ngapi.

Nataka sheria iseme wazi kwamba makato yaliyokubaliwa hayaongezwi baada ya saini. Naitaka kwa Bodi ile, na kwa yetu ya Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Na mikopo ilipwe, wadogo zenu wanazingojea fedha zile.

Kesho baada ya Isha nitakuwa hapa hapa barazani. Anayejaza fomu mwaka huu aje na mdhamini wake, baba, mjomba au shangazi, tusome kifungu kimoja kimoja. Kalamu ziacheni nyumbani.